Wakili Anayeujua Mwezi

Nilikwenda kugongewa muhuri kwa wakili mjini Kigoma, nikamkuta mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi amesimama mezani, hukumu kaikumbatia ndani ya kitenge. Mahakama ilishampa mtumbwi wa uvuvi. Mtalaka wake ndiye hataki kuutoa.

"Kila dalali wa mahakama akienda, anaambiwa mtumbwi umekwenda kubeba wakimbizi wa Burundi," alisema. "Mwanamume huyo hajawahi kunibebea hata ndoo!"

Wakili kijana akakohoa, akanyoosha tai, akaanza kutiririsha vifungu. Mama akamnyamazisha kwa kiganja.

"Mwanangu, kesi nimeshashinda. Mtumbwi utaukamata lini?"

"Jumatatu, mama."

"Jumatatu utakamata mawimbi." Akageuka aondoke.

Wakili mwenzake, mwanamke wa Ujiji aliyekuwa akila muhogo kwenye meza ya pembeni, hakuinua hata kichwa.

"Subiri mbalamwezi, dada. Mwezi ukijaa dagaa hawafuati taa za wavuvi, mitumbwi yote inalala mchangani. Hata huyo msamaria wako atalala."

Mama akavuta kiti, akaketi, akamwekea hukumu kando ya muhogo. "Wakili wangu ni wewe."

Mnaotafuta wakili, msitazame vyeti ukutani. Mwezi ulipojaa nilishuka ufukweni Kibirizi jioni kujionea. Dalali alikuwa ameukalia mtumbwi, mama anawaza rangi ya kuupaka, na mtalaka anaukodolea mwezi macho kama shahidi aliyemgeuka.