Mama hakuwahi kulitaja jina langu, Telesfori

Wakuu, mwakeye. Ndivyo tunavyoamkiana asubuhi huku Kasulu. Ninachosimulia hakina chumvi, ila shahidi wangu mkubwa ameshalala, kwa hiyo mnipokee hivyo hivyo.

Naitwa Telesfori. Ni jina la Papa mmoja wa zamani sana, enzi ambazo kuwa Mkristo kule Roma kulikuwa kujitafutia kifo. Babu yangu mzaa baba, kule Muyama, alibatizwa jina hilo, na nilipozaliwa nikarithishwa.

Hapo ndipo kesi ilipoanza.

Kwetu Waha mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe. Hakuna anayemshikia fimbo, ni heshima tu anayoingia nayo ndani ya nyumba. Jina likiwa na maana, anatafuta neno lingine la kuzungukia. Sasa Telesfori kwa Kiha halina maana yoyote. Mama akakwama, na mtoto lazima aitwe.

Akaenda kwa katekista kuuliza hilo jina lilikuwa la nani. Akaambiwa la Papa, mkuu wa Kanisa lote. Akarudi nyumbani ameridhika.

Kuanzia siku hiyo nikawa Baba Mtakatifu.

Msicheke. Mnalijua soko la Kasulu siku limejaa? Mama anauza maharage, mimi niko peku, kamasi zinanitoka, anapaza sauti: "Baba Mtakatifu, njoo ushike mfuko."

Wenye maduka jirani yake, Waislamu watupu, wakazoea. Wakawa wananiamkia shikamoo kwa utani. Shuleni ndio usiseme.

Nililitamani sana jina langu.

Wengine wote walilitaja wanavyotaka. Nyumbani Teresifori, maana kwetu l na r ni ndugu. Nilipokua nikapata udereva wa kupeleka mahindi Kibondo, kambini Nduta wakimbizi wa Kirundi wakaniita Telesifoo, kwa Kifaransa chao, wanaumeza ule mwisho. Mabosi kutoka Dar wakalikata, Teles. Kote nilikuwa naitika. Lakini kila nikilisikia nilijiuliza mdomoni mwa mama lingesikikaje.

Babu akafariki. Tukamzika, msiba ukaisha, watu wakatawanyika. Nikaona sasa njia iko wazi.

Nilimkuta mama uani anachambua maharage. Nikamwambia mzee hayupo tena, hakuna atakayekosewa heshima, aniite mara moja tu, basi.

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema taratibu, "Hayupo kwenu. Mimi bado ni mkamwana wake."

Akaniangalia usoni.

"Kwani hilo langu halikutoshi, Baba Mtakatifu?"

Nikacheka tu. Ila moyoni nilibaki na njaa yangu, siwadanganyi.

Mama naye ametutoka. Alipolazwa alikuwa akiniita kwa hilo hilo mpaka sauti ikakata. Manesi wakadhani anamwombea Papa, wakawa wanamwacha asali. Sikuwasahihisha. Nilikuwa nimekaa pale pembeni, namshika mkono, naitika.

Nilichojifunza wakuu ni kwamba miaka yote nilililia jina ambalo mtu yeyote anaweza kunipa. Benki wananiita Telesfori. Trafiki barabara ya Kakonko wananiita Telesfori. Mke wangu analitamka vizuri kabisa, kila herufi mahali pake. Lile la mama hakuna aliyebaki nalo, na siwezi kumwomba mtu aniite hivyo, atadhani nimechanganyikiwa. Nimelikumbuka mpaka inauma.

Kwa hiyo wewe ambaye mzazi wako bado anakuita kijina cha kukuaibisha mbele za watu, itika, tena haraka. Na wale ambao kwenu wakwe hawatajwi, mama zenu waliwaitaje? Shusheni hapo chini, nasoma yote, hata ya wanaokuja kunicheka.

Mimi Jumapili bado naenda misa. Wakifika pale pa kumwombea Baba Mtakatifu, kanisa zima linainamisha vichwa. Mimi nainua cha kwangu, naangalia upande wa akina mama.