Mawe ya Lupango

Miaka ile mishahara ya mgodi ilipokatika, mvua ilichimba korongo mwishoni mwa barabara yetu. Lilikwisha kula choo chetu. Kati yake na chumba cha mama ulibaki upana wa mkeka.

Kodi ya viwanja haikuwa imetengeneza kitu kwa muda mrefu. Basi mkuu wa barabara, mstaafu wa mgodi, akatangaza ya kwake: kila lupango, yaani kiwanja na nyumba yake, kitatoa mawe ya kukinga korongo, kulingana na urefu wa ukuta wake wa mbele. Alipita na kamba akipima.

Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa, nami nilikuwa nyumbani nikibishana na kila mtu. Nikamwuliza habari za watu wa juu ya barabara, ambako maji hayafiki, "Papa, bale ba kule yulu batatoa mawe juu ya nini? Mayi haibafikie."

"Leta mawe kwanza. Kama maswali yako iko nzito, leta nayo."

Jumamosi watu walikuja na mawe yao. Kichwani nilipata sababu upesi: aibu, na mazoea ya kazi za lazima za zamani.

Kisha akaja karani aliyekaa nyumba ya kwanza kule juu, akisukuma mkokoteni. Alizaliwa hapa Likasi, lakini baba yake alitoka Kasai, na majuma yale watu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa. Mke na watoto wake walikuwa tayari stesheni, wamekaa juu ya mizigo wakingoja treni. Alikuwa amebeba mawe ya ukingo wa bustani yake, yamepakwa chokaa upande mmoja.

Kijana mmoja akapaza sauti, "Papa, na mawe unapeleka Kasai?" Wachache wakacheka. Yeye akaendelea kuyapanga.

"Papa," nikamwambia, "ile nyumba kesho itakuwa ya mwingine. Unalipa ya nini?"

Akajifuta mikono. "Kamba ilipima lupango. Haikunipima miye." Akamgeukia mkuu. "Yangu imetimia?"

Mkuu akalaza kamba juu ya safu ile, polepole, mpaka mwisho. "Imetimia, papa."

Karani akageuza mkokoteni mtupu akaenda stesheni.

Mvua kubwa ilishuka alasiri ya siku iliyofuata. Mama na mimi tulisimama dirishani. Maji yalikuja mekundu, yakagonga ukuta wa mawe, yakapinda kuelekea mtaroni. Tangu siku ile nimejaribu maelezo mengi juu ya mtu yule, hakuna linalotosha. Mvua ilipokatika mama alitoka kuangalia, akayakuta mawe meupe yamekaa palepale.