Vidonge vya Fundi Cherehani

Nyumbani walimwita binti yao Dokta tangu siku alipopata nafasi ya chuo, na hakuna aliyetaka kusikia kwamba alichokwenda kusomea hakikuwa udaktari.

"Ni kemia ya dawa," aliwaeleza mwaka wa kwanza. "Mimi nitajua dawa imeundwaje na kama ni nzima. Kutibu watu ni kazi ya wengine."

Mama yake aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa vizuri sana, kisha akamgeukia jirani: "Dokta wetu huyo, karudi." Basi, yakaishia hapo.

Baba yake alikuwa fundi cherehani. Watoto wengi wa mtaa ule walikwenda shule wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake, naye alipenda kutamba kwamba watu wengine hukumbuka sura, yeye hukumbuka mabega. Ugonjwa ulimwanzia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Alipokaa kimya, kidole kilicheza chenyewe, na wateja wakamtania kwamba anasikia muziki wasiousikia wao. Baadaye mkono mzima ukawa unatetemeka, hatua zikafupika, uso ukakauka hata akicheka ungedhani kakasirika. Hospitali wakasema ni ugonjwa wa pakinsoni. Wakampa vidonge, na vidonge vikafanya kazi kwelikweli. Fundi akarudi kwenye cherehani akijisifu kwamba sasa naye ametiwa oili.

Lakini binti alipoingia mwaka wa mwisho, oili ilikuwa imeanza kukauka mapema. Baba alimeza kidonge asubuhi, na kabla jua halijawa kali mwili ulikuwa umeshamkaza tena. Mwishoni mwa wiki moja, Dokta alipokuja kusalimia, alimkuta ameshika sindano anatunga uzi. Uzi ukapita kushoto kwa tundu. Ukapita kulia. Mama akanyoosha mkono amsaidie, baba akaivuta sindano pembeni.

"Niache. Inakuja."

Haikuja. Akaiweka sindano mezani taratibu, akaitazama kama vile yeye ndiye aliyeikosea.

"Dawa feki hizi!" kaka mkubwa akafoka kutoka mlangoni. Alikuwa dereva wa lori la mchanga, mtu mwema, ila mdomo wake ulitangulia akili kila vilipofuatana. "Mwanzo zilifanya kazi, sasa hazifanyi. Kimebadilika nini kama si dawa? Dokta, si ndiyo mambo unayosomea haya? Zipime, bwana!"

Wote wakamgeukia. Hata baba, ambaye hakuwa na kawaida ya kumwomba mtoto kitu, alimtazama na kungoja. Dokta akachukua mkasi, akakata kipande cha karatasi ya vidonge, akakitia mkobani.

Pale chuoni mradi wake wa kumalizia shahada ulikuwa juu ya vidonge vya homa vinavyouzwa madukani. Alimwomba mhadhiri wake, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi, amruhusu apime na hivi vya baba.

"Pima," mhadhiri alisema. "Lakini kipimo kimoja si jibu. Rudia, halafu rudia tena. Na usimwambie mtu kitu mpaka nimeona mimi."

Alisema atafanya hivyo. Ila moyoni alikuwa na dua ambayo hakuthubutu kumwambia mtu: alitaka vidonge viwe feki. Vikiwa feki, kuna wa kulaumiwa, kuna duka jingine, kuna dawa ya kweli inayomngoja baba mahali fulani. Na yeye, baada ya miaka yote ile ya mitihani na macho mekundu, atakuwa amewafaa watu wa kwao kwa kitu.

Alipima uzito wa vidonge kwenye mizani, akavisaga kwenye kinu kidogo cha kaure, akayeyusha unga kwa maji safi, akauchujia kwenye chupa. Mashine ya kupimia ilikuwa na foleni, kama kawaida ya mwaka wa mwisho. Akaiacha chupa juu ya meza, karibu na dirisha, akaenda darasani. Aliporudi zamu yake ilikuwa imefika. Mashine ile huisukuma dawa ndani ya mrija mwembamba, kisha huchora kilima kwenye kioo cha kompyuta; kilima kikiwa kirefu, dawa ni nyingi. Akaweka kwanza dawa halisi ya maabara. Kilima kikasimama. Akaweka ya baba. Kilima kikainuka kidogo, kikachoka njiani.

Alijua anatakiwa kurudia. Alijua vizuri. Lakini ilikuwa Ijumaa, mafundi wa maabara walikuwa wanafunga milango, na simu ilikuwa mkononi.

"Kaka, ulikuwa sahihi," alisema. "Dawa haijafika hata kiwango."

"Nilisema mimi! Nilisema!" Akasikia mlango wa lori ukibamizwa.

Jumatatu mhadhiri aliinua ile chupa kwenye mwanga.

"Mbona maji haya yana rangi ya chai?"

Dokta akatazama. Ijumaa hakuwa ameiona rangi ile, au aliiona na hakutaka kuiona.

"Uliyeyusha na nini?"

"Maji safi."

"Bila asidi?" Mhadhiri akageuka kutazama meza, kisha dirisha. "Na ukaiweka hapa juani. Dawa hii isipolindwa na asidi inaharibika kwa hewa na mwanga, binti yangu. Umepima kilichobaki baada ya wewe mwenyewe kuiharibu."

Dokta akarudia kwa maji yenye asidi, chupa ameifunika. Kilima kikasimama wima, sawa na kile cha dawa halisi. Akarudia tena. Akarudia mpaka vidonge vikamwishia. Vyote vilikuwa vizima. Baba alikuwa anameza dawa nzuri, na dawa nzuri ilikuwa haimtoshi.

Alitoka nje akampigia kaka, simu haikupokelewa. Akampigia mama.

"Afadhali umepiga," mama alisema, sauti imemkauka. "Baba yako hainuki. Amekuwa kama ubao, hata mate yanamshinda kumeza."

"Amekunywa dawa?"

"Dawa gani tena? Si ulisema ni feki? Aliacha siku ileile."

Alifika hospitali akiwa bado na koti la maabara. Daktari, kijana aliyemzidi umri kidogo tu, alikuwa anajaribu kumkunja baba mkono, na mkono haukunjiki. Homa ilikuwa imempanda.

"Dawa hii haiachwi ghafla," daktari alisema kwa ukali. "Nani aliyemwambia aache?"

Kaka akainamisha kichwa. Mama akashika shuka. Dokta alifungua mdomo ajibu. Ndipo sauti ikatoka kitandani, nyembamba, ya kutegewa sikio.

"Mimi mwenyewe."

Walimwanzishia dawa tena, na homa ikashuka. Daktari akaongeza kiwango, akamweleza Dokta pembeni yale ambayo aliyasoma mwenyewe darasani na kupata alama nzuri: kwamba dawa haijabadilika, ni ugonjwa unaoendelea. Akamweleza kwa upole, kwa maneno mepesi, naye akawa anaitikia tu, "Ndiyo. Ndiyo, daktari."

Kulikuwa pia na jambo la duka lililowauzia vidonge. Kaka alikuwa ameshapiga kelele pale Ijumaa ileile, mbele ya wateja, akimwita muuzaji muuaji. Walikwenda wote wawili kuomba radhi. Muuzaji, mwanamke wa makamo, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimewasamehe," alisema akifuta kaunta isiyokuwa na vumbi. "Ila hao waliosikia siku ile, nitawapata wapi niwaeleze?"

Wakaaga.

Baba alirudi nyumbani, ila si yule aliyeondoka. Cherehani ikafunikwa kwa kitambaa. Dokta alimaliza mradi wake wa vidonge vya homa, akautetea mbele ya walimu, akafaulu vizuri, na nyumbani wakashangilia.

Asubuhi moja kabla ya mahafali alikaa na baba kando ya kitanda. Alikuwa ameshamnywesha kidonge kwa kijiko cha maji. Sasa walikuwa wanangoja kimlegeze, ainuke anawe uso.

"Wewe dawa hii unaijua vizuri?" baba aliuliza.

"Naijua, baba."

"Basi iambie ifanye haraka."

Binti akacheka, kicheko kikamwishia katikati. Alijua kidonge kiko wapi kwa wakati ule. Alijua kinavyotoka tumboni, kinavyoingia kwenye damu, kiasi gani kinapotea njiani na kiasi gani kinafika kichwani, na alijua kwamba huko kinakofika chembe za ubongo za kukipokea zinazidi kupungua. Yote hayo angeweza kuyachora ubaoni. Akaushika mkono wa baba kwa mikono yake miwili, nao ukaendelea kutetemeka humohumo, ukimtetemesha na yeye.

"Bado?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Bado, mama."