Aliyepiga Ni Mimi

Asubuhi moja nilikuwa napepeta ulezi uani. Upepo wa kipupwe ulikuwa mzuri, unachukua makapi bila kunirudishia usoni. Mume wangu Desderi alikuwa juu ya paa la jiko anaongeza nyasi. Mama yake, Leonsia, alikaa juani kwenye ngozi ya ng'ombe. Miguu yake ilikuwa imepooza, ila mdomo ulikuwa mzima.

"Huo ulezi unaupepeta, au unawalisha kuku wa jirani?" aliniuliza.

Jirani mwenyewe hakuwa karibu. Nyumba yetu ilisimama peke yake pale uwanda wa Ufipa unapokatika na njia kuanza kuteremka kwenda Wampembe, kando ya ziwa. Ukimwita mtu, anakusikia kama upepo uko upande wake. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, na mvua ikinyesha hakuna gari lililofika kwetu.

Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na vita. Kwanza vilituletea watu wenye njaa, wanawake na watoto, nasi tuliwapa uji na mahali pa kulala. Baadaye wakaja wenye bunduki. Walianza na wavuvi kule chini, wakapora injini na nyavu. Walipoona hakuna anayewazuia, wakaanza kupanda mlima kutafuta mbuzi na mahindi. Katekista wa kitongoji cha chini walimpiga risasi mlangoni kwake, mikono yake ikiwa juu.

Jumapili iliyofuata shemeji yangu Vitalis, aliyekuwa na duka dogo Chanji, mjini Sumbawanga, alikuja na gari la kukodi.

"Kaka, mpandishe mama twende mjini," alisema. "Haya mambo waachie serikali."

"Serikali ikija nitaipokea," Desderi akajibu. "Lakini bado haijafika."

Vitalis akanigeukia mimi. Alidhani nitalia.

"Shemeji," nikamwambia, "tukiondoka sisi, itakayofuata ni nyumba ya Mzee Gaspari. Naye akiondoka, ni ya nani? Si watafika mpaka dukani kwako?"

Aliondoka amenuna. Mzee Gaspari, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akatuita. Tulikubaliana mambo machache. Kila nyumba itundike rimu ya gari. Atakayeona hatari aipige. Atakayesikia apige ya kwake, kisha aje. Asije kuuliza, aje. Watoto wakimbilie korongoni. Wenye magobore ya kufukuzia nyani na nguruwe pori wayasafishe.

La Desderi lilikuwa na kibali. Alinifundisha kulishindilia baruti na kulishika lisinivunje bega. Lilikuwa la risasi moja. Kulijaza tena kulichukua muda ambao mwenye bunduki ya kisasa hakupi.

"Ukiweza kukimbia, kimbia," aliniambia. "Hili ni la siku ambayo huwezi."

Siku hiyo ilikuja mchana, jua likiwa kali. Desderi alikuwa shambani, bondeni. Mimi nilikuwa ndani namnywesha mama uji. Mlango ulikuwa wazi, nikaona watu watatu wanapanda njia. Mmoja alikuwa na bunduki. Wawili walikuwa na mapanga na magunia matupu.

"Agneta!" Nilimwita binti yangu mkubwa kwa sauti ya chini. "Chukua wadogo zako. Korongoni. Usirudi mpaka usikie sauti yangu ikikuita kwa jina."

Wakapita mlango wa nyuma.

"Nenda nao," mama akasema.

"Siendi."

"We mtoto, nenda! Mimi nimeshaishi."

"Kunywa uji, mama."

Nilitoka nyuma nikapiga rimu. Niliipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Mbali, upande wa Mzee Gaspari, rimu nyingine ikajibu.

Nikarudi ndani. Nikachukua gobore.

Desderi alifika kabla yao, anahema, panga mkononi. Akasimama uani, kati yao na mlango.

"Mbuzi hao," aliwaambia. "Chukueni. Humu ndani hamuingii."

Walimpiga risasi.

Alikaa chini, kisha akalala ubavu.

Mwenye bunduki akamruka, akaja mlangoni. Nyuma yangu mama alikuwa anasali Salamu Maria kwa Kifipa, haraka haraka.

Nikafyatua.

Moshi ulijaa nyumba nzima. Ulipopungua nilimwona amekaa kizingitini kama mtu aliyechoka na safari, anatazama tumbo lake. Wenzake walikuwa wanakimbia. Rimu zililia mlima mzima na watu wakaja, wanaume kwa wanawake, na mapanga, na mipini, na mawe.

Yule mtu alikufa kabla Mzee Gaspari hajafika. Ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuota.

Desderi tulimbeba kwa machela kwenda barabarani. Njiani aliuliza, "Mama?"

"Mzima."

"Watoto?"

"Wazima wote."

Hakuuliza tena. Gari lilipopatikana, lilibeba maiti.

Polisi walikuja kesho yake. Vitalis, macho yamevimba kwa kulia, alinivuta pembeni.

"Shemeji, sema kaka ndiye aliyepiga. Bunduki ni ya kwake. Marehemu hashtakiwi. Mzee Gaspari naye atasema hivyo hivyo."

Alinitakia mema, najua. Lakini Desderi alikufa akiwaachia mbuzi. Nisingemlaza kaburini nimembebesha mauaji yasiyo yake.

Askari akauliza nani alipiga.

"Ni mimi."

"Mama, fikiri kwanza."

"Nimeshafikiri. Ni mimi."

Toka ndani mama akapaza sauti, "Na angekosa, ningemgombeza!"

Walinipeleka Sumbawanga, wakaniweka mahabusu, wakanihoji weee, mwisho wakaniambia sina kesi. Gobore lilibaki kwao. Vitalis alinipokea nje. Aliniambia chumba Chanji kiko tayari. Nilimshukuru, nikamwomba anifikishe stendi.

Watu husema nilishinda. Mimi sioni hivyo. Agneta aliacha shule tushike shamba pamoja, na mpaka leo mlango ukigongwa kwa nguvu hujibanza ukutani. Mama alimfuata mwanawe baada ya muda si mrefu. Kitandani najilaza upande mmoja tu. Lakini mlima haukuhama, na wenye bunduki hawakupanda tena.

Yule kijana tulimzika nyuma ya shamba la ulezi. Hakuna aliyemjua. Kila mwaka, Siku ya Marehemu Wote, napeleka majina ya kuombewa kigangoni. Mara ya kwanza niliandika la Desderi na la mama, na chini yake nikaacha mstari mtupu. Padri alihesabu, akaniuliza wa tatu ni nani, mbona sikumtaja.

"Jina lake silijui, padri," nikamwambia. "Lakini aliyemuua unamjua, na anakaa pale pale. Mwombee."