Amri Niliyoisaini Mtama Ukiwa na Maziwa

Waliohusika na njaa iliyoingia nyumbani kwa dada yangu ni wawili: mfanyabiashara wa alizeti aliyetoa kombe, na mimi, katibu wa kata na mlezi wa timu yake ya mpira. Ndege hawahusiki.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Ghala la ushirika lilikwisha kufungwa, na mfanyabiashara yule alitaka ajulikane vijijini kabla ya msimu wa kununua. Alipanga fainali Mtinko, saa kumi alasiri, katika majuma ambayo mtama wetu huwa na maziwa, punje zikiwa bado changa. Majuma hayo hakuna anayeshuka kutoka kilingo chake, jukwaa la kulindia shamba, kabla jua halijazama, maana kwelea, ndege wala nafaka, hutua jioni kwa makundi. Nilikuwa na mamlaka ya kuikataa siku ile. Badala yake nilisaini amri kwamba waamiaji wote wa ndege waende kuishangilia timu.

Dada yangu, mjane, alikuja ofisini na karatasi ile.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu. Mchezo wenyewe ni dakika tisini tu."

"Basi waandikie na kwelea barua, wasubiri kipenga cha mwisho."

Makarani walicheka. Nami nilicheka, kisha nikamwambia kwamba amri haibagui, hata kwa ndugu wa katibu. Akatii, yeye na binti zake.

Tulishinda. Niliporudi nilipitia shambani kwake, kombe bado mkononi. Masuke yalibaki makapi matupu. Alikuwa ameketi kwenye tuta; aliondoka uwanjani kabla hatujafunga bao.

"Mmefunga mangapi?"

"Mawili."



Mwaka ule alikwenda Itigi kula kwa wakwe wa binti yake, jambo ambalo mama wa kwetu halifanyi kwa hiari. Hakurudi. Tulimzika huko huko.

Mpira bado naupenda, na naandika hivyo ili kumbukumbu iwe sahihi. Ulistahili jioni zangu. Haukustahili chakula cha mtu mwingine. Kulijua hilo sasa hakumsaidii yeyote.

Kwa hiyo naitaka halmashauri ya kijiji iitishe mkutano wa hadhara, iisome amri ile pamoja na sahihi yangu, imwite na mfanyabiashara yule, ituhoji sote wawili mbele ya binti za marehemu, na majibu yetu yaandikwe katika muhtasari.