Maharage manne mbele ya baba mkwe

Jamani, mume wangu leo kachezea chakula mbele ya baba yangu, na ndiyo siku ya kwanza anakaribishwa nyumbani kama mkwe.

Tuko mezani, kwetu Malangali. Baba, mfugaji asiyecheka ovyo, akamuuliza, "Mkwe, hiyo kemia unayofundisha inanisaidia nini mimi na ng'ombe wangu?"

Mpenzi wangu akasahau adabu zote. Akaweka kitonge cha ugali katikati ya sahani, akakizungushia maharage manne.

"Baba, hii katikati ni nikeli, na haya manne ni naitrojeni inayoishikilia. Kitu hiki kimo ndani ya vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe. Kinasaidia kimeng'enya chao kutengeneza ile gesi ng'ombe anayoibeua."

Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Wapi.

Baba akaiinamia sahani. "Na kitu chenyewe kinaitwaje?"

"F430, Baba. F ni 'factor' ya Kiingereza, yaani kisaidizi. Namba ni kipimo cha mwanga kinaounyonya zaidi."

Mama akaacha kutafuna. Mimi nikaanza kusali.

"Kitu kizuri hivi mmekipa namba kama pikipiki?" Baba akasema. "Zizini kuna ndama hajapata jina. Mpe wewe, mkwe. Ila usimpe namba."

Huyu ni baba ambaye hajawahi kuniachia mimi hata kuku nimpe jina.

Sasa mume wangu yuko zizini anamtazama ndama, na mimi namtazama yeye. Nampenda huyu mwanamume, jamani.

Leteni majina. Kakwama, na Baba anasubiri.