Mama Aliyekataa Dawa ya Maji

Mwaka ule vita viliposhuka tena kutoka upande wa Rutshuru, shule yetu ya Keshero ilijaa wakimbizi ndani ya siku mbili tu. Nilifika asubuhi na vitabu vyangu kwapani, nikakuta darasa langu la tatu limetandikwa mikeka toka ukuta hadi ukuta. Madawati yalikuwa nje, mengine yameshapasuliwa kuwa kuni. Mkurugenzi wa shule alinishika mkono.

"Madame, rudi nyumbani. Tutakuita."

Hakuniita kwa miezi mingi.

Ndivyo nilivyofika ziwani. Kipindupindu kilikuwa kimeanza, na shirika moja lilitafuta watu wa kutia dawa kwenye maji. Mji wetu wa Goma umekaa juu ya mawe ya volkano. Kisima hakichimbiki, na umeme ukikatika bomba nalo linakauka. Kwa hiyo wote tulishuka ziwani na bidoni zetu, yale madumu ya plastiki, wenyeji na wakimbizi. Mimi nilisimama pale ufukweni na buti za plastiki, nikiwa na bomba la sindano lisilo na ncha, nikatia klore kidogo, ile dawa ya kuua vijidudu, katika kila bidoni iliyopita mbele yangu. Kila mmoja nilimwambia maneno yale yale: ngoja nusu saa ndipo unywe.

Watu wengi walikubali, wengine kwa kunung'unika. Mama mmoja tu ndiye aliyekataa kabisa. Alikuwa mrefu, mwembamba, amefunga kitambaa cheusi kichwani, na nilisikia wenzake wakisema alitoka Kibati, kaskazini mwa mji. Akifika karibu yangu alifunika mdomo wa bidoni kwa kiganja.

"Hapana, madame. Yangu uache."

Kisha alipanda juu ya mawe, akaenda kuchota kule mbele, mahali wanaume walipokuwa wakiosha pikipiki, maji yakiwa na rangi rangi za mafuta.

Nilikasirika. Nilikuwa mwalimu, nimezoea kusikilizwa. Siku moja nilikwenda shuleni kuchukua rejista yangu, nikamkuta amekaa ndani ya darasa langu mwenyewe, chini ya herufi nilizozichora ukutani. Nikamkaripia mbele ya watu kama ninavyomkaripia mwanafunzi.

"Mama, utaua watu humu ndani. Unajua hilo?"

Aliendelea kuchambua maharagwe yake. Halafu akasema taratibu, "Madame, tangu siku ile ya kwanza, umeshaniuliza sababu?"

Nilichukua rejista nikatoka.

Haikupita wiki, jirani yangu alikuja ziwani mchana akikimbia. Binti yangu wa miaka mitano alikuwa anaharisha maji matupu na kutapika tangu asubuhi. Nilimwachia mwenzangu sindano nikapanda mlima na buti zangu. Nilipofika, macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo nikiivuta ilibaki imesimama. Dalili hizo nilikuwa nimewafundisha wengine. Nilimbeba nikatoka naye barabarani. Siku ile mafuta yalikuwa yameadimika mjini, na motari, dereva wa pikipiki ya abiria, hata mmoja hakupita. Nilijikwaa mara mbili kwenye yale mawe.

Mama wa Kibati alikuwa anapanda kutoka ziwani na bidoni mgongoni. Aliponiona aliitua pale pale njiani, hata hakuitafutia kivuli.

"Lete mutoto," akasema.

"Nitambeba mwenyewe."

"Utamwangusha. Lete."

Alimfunga mgongoni kwa kitenge chake, akaanza kwenda kwa hatua ndefu, mimi nyuma yake. Mtoto alimchafua mgongo mzima, lakini mama yule hakusimama hata mara moja. Kwenye kituo cha matibabu walimlaza haraka wakamtundikia dripu ya serumu. Muuguzi akaniuliza, "Nyumbani anakunywa maji gani?"

Ilibidi nimweleze ukweli. Maji ya nyumbani kwangu yalichotwa na mdogo wangu, na mdogo wangu alishuka ziwani jioni, akimaliza kazi zake, saa ambazo sisi wa dawa tulikuwa tumeshaondoka. Nilikuwa nimetia dawa kwenye bidoni za mtaa mzima, na yangu sikuwahi kuuliza inachotwa saa ngapi.

Mama wa Kibati alisikia yote. Alinitazama kidogo, kisha akaenda kuosha kitenge chake.

Aliporudi alikaa nami kwenye benchi nje. Jua lilikuwa bado juu. Ndipo nikamuuliza, kwa mara ya kwanza na kwa sauti ya kawaida, sababu ya kukataa dawa.

"Hii si vita yangu ya kwanza," akasema. "Zamani tulikimbia, tukakaa kambini. Nilikuwa na mutoto mchanga, alikuwa mugonjwa tayari. Siku ya kwanza walipoleta maji yenye ile dawa, nilimnywesha. Akafa siku ile ile. Sijui kama ni yale maji. Pengine angekufa tu. Lakini ile harufu, madame, ikinipata puani, mikono inakataa."

Yote niliyokuwa nimefundishwa kusema kwa watu wanaokataa dawa yalikuwa kichwani mwangu, na sikusema hata moja. Nilimshika mkono tu, tukakaa hivyo mpaka muuguzi alipotuita. Mtoto alikuwa ameomba kunywa.

Siku ya tatu binti yangu aliruhusiwa. Asubuhi iliyofuata nilirudi ziwani, na mama wa Kibati alipofika na bidoni yake nilimnyooshea sindano.

"Tia wewe mwenyewe. Mpaka kwenye huu mstari, usizidishe."

Aliigeuza mkononi muda mrefu, watu nyuma yetu wakianza kulalamika. Akatia. Akakaa kando juu ya jiwe kwa nusu saa nzima, bidoni mbele yake, kama anayemlinda mtu. Nusu saa ilipotimia nilichukua kikombe nikanywa mimi kwanza. Alinusa, akanywa, akakunja uso.

"Ile ya kambini ilikuwa inachoma hata macho," akasema. "Hii si kali vile."

Nilidhani yameisha. Kumbe yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Alisimama akanyoosha kidole kule kwenye pikipiki.

"Na ile mafuta, ina dawa gani? Sisi wote tunachota humu, tunafulia humu, banaosha moto, zile pikipiki zao, humu. Kwetu, penye maji ya kunywa hapafuliwi hata leso."

Niliona aibu kwamba nilikuwa nimesimama pale wiki nyingi bila kuwaza hilo.

Alianza na wanawake wenzake wa shuleni. Walihamisha nguo zao mbali, upande wa pili wa mawe, wakawa wanafulia kwenye beseni na kumwaga maji ya sabuni huko juu. Waosha pikipiki walicheka tu. Mmoja alimwambia ziwa ni kubwa, halitajaa uchafu wa pikipiki tatu. Mama wa Kibati hakugombana naye. Alimkaribisha aje kuchota pale pale, awapelekee watu wa nyumbani kwake wanywe. Mwanaume mwingine, ambaye mtoto wake alilazwa chumba kimoja na wangu kule kituoni, alichukua ndoo zake akahamia juu karibu na barabara. Baada ya siku kadhaa wengine wakamfuata. Bila shaka yale maji machafu yaliendelea kuzama kwenye mawe na kurudi ziwani, lakini si mbele ya bidoni zetu tena.

Barabara ya kaskazini ilipofunguka, watu wengi waliondoka shuleni, nami nikarudi darasani. Yeye alikwenda Kibati kutazama nyumba yake, akakuta imebaki misingi. Akarudi, akapanga chumba cha mbao nyuma ya shule, mahali ambapo mwaka mmoja nyuma hapakuwa na nyumba hata moja. Bomba la maji lilipofika kwenye kona ya pale, wanawake walimchagua yeye kulisimamia. Foleni ni ndefu, maana familia mpya zinajenga kila wiki na bomba ni lile lile moja. Hakuna anayechota kabla hajasuuza bidoni yake na kumwonyesha. Hata mimi. Nikijisahau, ananisimamisha mbele ya wanafunzi wangu.

"Madame, kizibo chako. Kioshe kwanza."

Nami ninakiosha.